Maswali yenu: Mgeni hali, na wewe umepika pilau

Barua za mwezi huu karibu zote ni za wageni. Wakwe, mabosi, wenzi wa kwaya, watoto waliorudi likizo na wachumba. Zilizoomba "siri ya pilau" nimeziweka kando. Pilau mnaijua wote, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Shikamoo shangazi. Jumapili nina wageni kumi kutoka ofisini kwa mume wangu. Wawili Waislamu, mmoja Msabato, mmoja Mhindu asiyekula nyama kabisa, na bosi mwenyewe ana kisukari. Nimepanga pilau ya ng'ombe, kuku wa kukaanga na kamba wa nazi. Itatosha? — Mama Wawili, Tabata

Marahaba. Kwa wingi itatosha. Kwa watu haitoshi. Mhindu wako hana chakula hapo hata kijiko kimoja, Msabato hatagusa kamba, na bosi umemwekea mlima wa wali bila mboga ya majani hata moja.

Pilau ina kasoro moja ambayo hatupendi kuisema: ikishapikwa, mlango umefungwa. Supu ya nyama imeshanywewa na mchele, na huwezi kumwambia mtu achambue. Biriani ina nafuu kidogo kwa sababu wali unakaa kivyake na rojo kivyake. Kwa meza ya watu mchanganyiko, fuata njia ya biriani hata kama hupiki biriani: katikati ya meza weka vile anavyokula kila mtu, nyama na samaki vikae pembeni, kila bakuli na upawa wake. Nasema upawa wake. Upawa uliotoka kwenye kuku ukaingia kwenye mbaazi umeshaharibu mbaazi kwa mgeni mmoja.

Ningekuwa mimi, ningepika wali mweupe, mbaazi za nazi, bamia za nyanya, mchicha uliokaangwa kwa kitunguu, kachumbari na chatne ya ukwaju. Hapo wote kumi wameshakula. Kisha kuku wa mchuzi, na changu wa kupaka badala ya kamba.

Kwa nini changu? Wasabato wanashika Mambo ya Walawi sura ya 11: cha majini kiwe na mapezi na magamba. Kamba, kaa, pweza, ngisi na kambare wote nje. Nina deni langu la zamani hapa. Nilipokuwa ndiyo kwanza naanza maisha Tanga, nilimkaribisha mwalimu mmoja Msabato, nikampikia kamba wakubwa wa bei mbaya, nikajiona nimemheshimu. Akashukuru, akaomba. Kisha akavuta ndizi mbivu, akaimenya taratibu, akaila na wali wa ukingoni ambao rojo halikuufikia. Mimi nikamsukumia bakuli mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Nimeshiba, mama." Nilikuja kuelezwa na jirani wiki iliyofuata, na hadi leo nikiona kamba sokoni naiona ile ndizi.

Mhindu wako muulize mambo mawili zaidi: mayai, na kitunguu. Wapo wasiokula mayai, na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, hawali kitunguu, vitunguu saumu wala viazi. Na tafadhali vile vidonge vya supu usivitie kwenye mboga za pamoja kabla ya kusoma karatasi yake. Mtu anapika maharage bila nyama, halafu anavunjia kidonge chenye mafuta ya kuku, kisha anaapa kwamba hakuna nyama humo.

Bosi nitamjibu chini, maana mmeniuliza wengi.

Mgeni wangu hali nyama. Nikipika mchuzi wa nyama kisha nikamchotea rojo bila vipande, si sawa? — Bwana wa Kinondoni

Si sawa.

Kilo moja ya mchele inatosha watu wangapi? — Wasomaji sita, mikoa tofauti

Sita! Kipimo changu ni watu wanane pakiwa na mboga nyingine mezani, sita kama wali ndio kila kitu, na watano kama ni vijana wametoka mpirani. Jibu hili limeandikwa hapa tena na tena. Likateni mlibandike kwenye kabati.

Shangazi, mimi ni Mkristo wa Moshi na nyumbani kwetu kitimoto ni chakula cha kawaida. Wazazi wa mchumba wangu ni Waislamu wa Kondoa na wanakuja kutuona. Sufuria nikizisugua kwa maji ya moto na mchanga zinafaa? — Binti Mwenye Wasiwasi

Mimi si shehe, kwa hiyo suala la kinachotakasa sufuria na kisichotakasa siligusi. Ninachokijua ni jiko. Karai lililokaangia nguruwe miaka kumi lina ukoko chini ambao wewe huuoni, ila mama mkwe atauona akiingia kusaidia kuosha vyombo. Na ataingia, hao hawakai sebuleni.

Azima au nunua. Sufuria mbili, karai, mwiko mpya, ubao mpya wa kukatia na kisu. Mafuta mapya pia, si yale ya kwenye kopo yaliyokwisha kukaangia. Kuku usimchinje wewe wala kaka yako. Mwite jirani Mwislamu akuchinjie, watu wamekuwa wakifanyiana hivyo Moshi na kwingineko kabla hujazaliwa. Nyama ya ng'ombe nunua bucha ambayo Waislamu wa mtaani wenyewe wananunua. Na kwenye kitindamlo, ile jeli ya pakiti ina gelatini, ambayo hutokana na wanyama, nguruwe wakiwemo. Weka matunda.

Kisha mwambie mchumba wako awaambie wazazi wake mapema: "Vyombo ni vipya, kuku kachinjwa na fulani." Mgeni akijua hivyo kabla hajakaa, anakula kwa raha. Asipoambiwa, atakula kachumbari na kusema ana funga ya sunna.

Neno la ziada ambalo hukuniuliza: kama unaona uzito kununua mwiko mpya kwa siku moja, fikiria vizuri hiyo ndoa.

Wageni wangu wana kisukari na presha. Niwapikie chakula chao cha kipekee? — Barua nne, na wewe wa Tabata

Usiwatenge. Mtu mzima akiwekewa sahani ya viazi vya kuchemsha huku wenzake wanakula biriani, umeshamtangaza. Pika kitu kimoja, ila kipike kwa akili. Chumvi punguza kwenye sufuria na weka kidau mezani. Ndimu, tangawizi na bizari zitaziba pengo. Mbaazi, kunde na mboga za majani ziwe nyingi kuliko wali. Juisi ile ya ukwaju mnayoimwagia nusu kilo ya sukari iacheni. Weka maji, weka machungwa ya kumenya. Kila mtu ajipakulie mwenyewe. Na mdomo wako ukae mbali na sahani yake: hakuna kinachochosha kama mwenyeji anayeuliza mbele ya watu, "Wewe si una sukari?"

Hasira yangu kubwa lakini ni saa. Mnaita watu saa moja usiku, chakula kinatoka saa nne, na katikati hapo mnawapa soda. Mtu anayechoma insulini au kumeza vidonge vya sukari hupanga dawa yake kwa saa ya kula. Sukari ikishuka anaanza kutetemeka, jasho, maneno hayaeleweki, na wengine wanadhani kalewa. Ukisema saa moja, saa moja na nusu sahani ziwe mezani. Kama umechelewa, mwambie ukweli kwa simu, ale kitu kwanza kwake.

Rafiki yangu anakuja na mtoto mwenye aleji ya karanga. Mama mkwe anasema ni maringo ya siku hizi, tumzoeshe kidogo kidogo. — Mama Junia, Mwanza

Mama mkwe mheshimu katika mengine yote. Hili hapana. Mzio wa karanga unaua, na hauhitaji kiganja kizima. Masalia kwenye mwiko yanatosha kwa baadhi ya watoto. Kuzoesha ni kazi ya daktari hospitalini.

Siku hiyo jikoni kwako karanga zisiwepo kabisa. Si kisamvu cha karanga tu. Angalia unga wa lishe, mwingi una karanga zilizosagwa ndani. Angalia kashata na biskuti. Kinu ulichotwangia karanga jana usitwangie kitunguu saumu leo. Korosho nazo muulize mama yake, na nazi pia, ingawa wengi wenye mzio wa karanga nazi wanakula bila shida. Muulize pia kama mtoto ana dawa yake na iko kwenye mkoba upi.

Midomo ikivimba, vipele vikatoka, akaanza kukohoa au kukoroma kifuani: dawa yake kama anayo, na hospitali dakika hiyo hiyo. Asipewe maziwa "kuua sumu". Nimeona watu wazima wamemshika mtoto wanamlazimisha maziwa huku gari limesimama nje.

Ijumaa ya Kwaresima nilialikwa futari na jirani Mwislamu, nikakuta supu ya mbuzi. Nikanywa kwa aibu. Mwakani nataka kumwalika yeye kwangu. Nipike nini? — Mkatoliki, Ilala

Swali zuri, na lina wakati wake. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari na Ramadhani ikaanza siku hizo hizo, kwa hiyo nchi nzima ilifunga pamoja, na wengi walialikana bila kuulizana.

Bahati ni kwamba futari ya pwani karibu yote haina nyama. Uji wa pilipili manga, tende, muhogo wa nazi, viazi vitamu, magimbi, maharage ya nazi, tambi, kaimati. Ongeza samaki wa kukaanga, Mkatoliki anamla Ijumaa na Mwislamu hana neno naye. Ni chakula rahisi kuliko vyote nilivyojibu leo. Tui zito tia mwisho, moto mdogo, usifunike, koroga hadi lichemke mara moja, uepue. Likikatika muhogo unaelea kwenye mafuta. Na adhana ikilia tende na maji viwe tayari mkononi. Hotuba ya kumkaribisha mgeni ingoje.

Ile supu, muulize padri wako, si mimi.

Mimi Mdigo wa Tanga, mume wangu Mhaya. Wazazi wa pande zote wanakuja siku moja. Baba mkwe anasema bila ndizi hajala. Mama yangu anasema ndizi ni chakula cha mgonjwa. — Katikati ya Moto

Mama yako atakula ndizi na atanyamaza. Mwambie nimesema mimi, Mtanga mwenzake.

Nunua ndizi Bukoba, mbichi kabisa, zisizo na hata chembe ya unjano. Jipake mafuta viganjani kabla ya kumenya, utomvu ule haubembelezeki, na kila unayoimenya itumbukize kwenye maji isije ikawa nyeusi. Pika na maharage, ndivyo Wahaya wenyewe wanavyozipika, chumvi na kitunguu basi. Nazi usitie. Najua mkono unakuwasha, lakini baba mkwe amesafiri kutoka Kagera kuja kula anachokijua. Ndizi za nazi utampa safari ya tatu au ya nne. Pembeni kwa wa kwenu weka wali wa nazi na samaki wa kupaka. Maharage yatakutana na wali pia, kwa hiyo pande zote mbili zitachota kwenye bakuli moja bila wewe kusema lolote.

Maharage yaloweke usiku kucha, maji yale mwaga, na yachemke kwelikweli kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yasiyoiva yanaumiza tumbo vibaya.

Tunakula sinia moja, wanaume sita, mmoja hali nyama. Tumtenge? — Mombasa

Msimtenge. Aketi hapo hapo, upande wake wa sinia uwe wali mtupu, na bakuli lake la mboga liwe mbele yake. Nyama mkaisukume upande wa pili, na mkono wa mtu usivuke. Wali huo uwe haujapikwa kwa supu. Kama ni pilau, rudini barua ya kwanza.

Wali wa nazi uliobaki usiku naweza kuwapa wageni wa asubuhi? — Bila jina

Kama ulilala kwenye sufuria juu ya meza, hapana, hata ukiupasha hadi ufuke moshi. Sumu ya wali uliolala nje haifi kwa moto. Ungeupoza haraka na kuuweka kwenye friji usiku ule ule, ningesema sawa.

Shangazi, naomba kuuliza, kilo moja ya mchele inatosha watu wangapi? — Imeingia wakati naandika

Wa saba huyu.