Hiyo asilimia 70 ya Warusi isome pamoja na swali la pili

Ndugu, umesema Warusi wengi wanaitaka vita ya Ukraine, kura za maoni zimethibitisha, mjadala umekwisha. Takwimu hizo kweli zipo. Kituo cha Levada cha Moscow, kinachofanya kura za maoni, tangu 2022 kimekuwa kikipata takriban asilimia 70 au zaidi wanaosema wanaunga mkono jeshi lao. Ila Levada hao hao huuliza pia: tuendelee kupigana au tukae mezani? Hapo, kwa muda sasa, zaidi ya nusu wanachagua meza. Watu ni wale wale.

Halafu kuna sheria ya Urusi ya Machi 2022: ukionekana umesambaza "habari za uongo" kuhusu jeshi, jela hadi miaka 15. Sasa mgeni anabisha hodi na dodoso mkononi, anakuuliza vita unaionaje. Mimi ningemwambia nimeacha sufuria motoni.

Kwa Waukraine mambo yamebadilika waziwazi. Gallup, kampuni ya Marekani ya kura za maoni, mwaka 2022 walikuta asilimia 73 wakitaka kupigana mpaka ushindi. 2025 walibaki 24, na 69 wakitaka mazungumzo haraka iwezekanavyo. Usikimbilie kusema wamesalimu amri, maana mwaka huo huo taasisi ya sosholojia ya Kyiv ilikuta wengi wanayakataa masharti ya Urusi. Wamechoka, na bado hawataki kutoa kila wanachodaiwa. Na hesabu hizo hazigusi maeneo yanayokaliwa na Urusi. Wa huko nani atawauliza?