Jumla ya kolesteroli ni 4.9, mbona nimeandikiwa dawa?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwalimu hapa Dodoma, nina miaka 54. Nina kisukari na presha. Nilipima mafuta kwenye damu hospitali, majibu yakawa: jumla 4.9, LDL 2.9, HDL 0.8, trigliseridi 2.6. Jumla haikuwekewa alama yoyote kwenye karatasi, lakini daktari ameniandikia atorvastatini ya 20. Baadaye wakaja watu shuleni na mashine ya kushika mkononi, ikasema mishipa yangu imejaa mafuta. Wameniuzia dozi ya kusafisha mishipa na kunikataza kuichanganya na dawa za hospitali. Nimsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, msikilize daktari wako. Ile dozi iweke kando, na vidonge vya kisukari na presha usiviache.

Karatasi kama yako naiona kliniki kila mara, na mgonjwa huwa ameshajisomea: jumla iko chini ya 5.2, basi niko salama. Kiwango kilichochapwa pembeni kimewekwa kwa watu wote. Maabara haijui kwamba una kisukari. LDL, ile inayoitwa mafuta mabaya, ikiwa 2.9 kwa binti wa miaka 30 asiyevuta sigara, asiye na presha wala sukari, ningemwambia aende nyumbani. Kwako wewe tunataka ishuke chini ya 1.8, kwa sababu sukari na presha tayari zinaumiza kuta za mishipa, na ukuta ulioumia ndio unaopokea mafuta kwa urahisi.

Halafu tazama jumla hiyo imetokana na nini. Imeonekana ndogo kwa sababu HDL yako, ile inayoitwa mafuta mazuri, ni 0.8 tu, wakati mwanaume anatakiwa awe na angalau 1.0. Toa 0.8 kwenye 4.9, inabaki 4.1. Hiyo ndiyo kolesteroli yote inayoweza kuganda kwenye mishipa, na kwa mtu ambaye trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, zimepanda kama zako, namba hiyo inaeleza mengi kuliko LDL peke yake. Mama mwenye jumla ya 6.0 na HDL ya 2.0 atabaki na 4.0. Yeye karatasi yake imewekewa alama na amekosa usingizi, wewe yako ni safi na umetulia, ilhali umemzidi.

Atorvastatini ya miligramu 20, dawa ya kundi la statini, hushusha LDL kwa takriban asilimia 40, kwa hiyo yako inaweza kufika karibu na 1.7. Rudia kipimo baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Trigliseridi zitashuka zaidi ukidhibiti sukari, ukapunguza soda, chai ya sukari nyingi na pombe kama unakunywa. Misuli ikiuma bila sababu au mkojo ukawa mweusi, rudi hospitali.

Sasa hiyo mashine. Unaulizwa umri, jinsia, urefu na uzito, unashika kijiti cha chuma kwa dakika moja, kisha printa inatoa kurasa nyingi za magonjwa. Kolesteroli haipimwi kupitia ngozi ya kiganja. Inapimwa kwenye damu, iwe ya mshipa au tone la kidoleni. Na hata damu haiwezi kuonyesha kwamba mshipa umeziba; hilo linahitaji picha ya mishipa yenyewe. Aliyekwambia umeziba alikuwa anauza.

Hizo dozi za kusafisha zinaniudhi kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Mishipa si bomba la sinki. Mafuta yanayoleta mshtuko wa moyo yamejikita ndani ya ukuta wa mshipa, chini ya utando wake, na hakuna maji ya limau, kitunguu swaumu wala unga wa mizizi unaopita na kuyakokota. Kolesteroli nyingi inatengenezwa na ini letu wenyewe, na statini inafanya kazi hapo hapo kwenye ini. Baadhi ya michanganyiko hiyo isiyojulikana ina nini inaumiza ini na figo, na figo za mwenye kisukari hazina ziada ya kuchezea.

Madhara makubwa zaidi yanatokana na lile sharti la “usichanganye na za hospitali”. Mtu anaacha dawa za presha, anaacha za sukari, anajisikia mzima, kwa kuwa kolesteroli haiumi na presha mara nyingi haiumi. Kisha analetwa mapokezi mdomo umepinda na mkono hauinuki. Wanaoacha statini kwa sababu “majibu yamekuwa mazuri” nao wamo njia hiyo hiyo: namba ilishushwa na kidonge, na ukiacha, ndani ya wiki chache inapanda tena ilikokuwa.