Toleo la zamani na jipya hayalingani, nishike lipi?

SWALI: Nafanya kazi kwenye maabara ya kupima gesi. Tuna matoleo mawili ya kanzidata moja ya tabia za kemikali, na namba nyingi zinatofautiana. Nitajuaje kilichobadilika kweli?
Msomaji, Ligula, Mtwara

JIBU: Usioanishe mistari kwa majina. Asidi ya asetiki na asidi ya ethanoiki ni kitu kimoja, lakini kompyuta itasema moja imefutwa na nyingine imeongezwa. Tumia namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho ambayo kila kemikali ina yake, na tarakimu yake ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua methani, 74-82-8. Iache hiyo 8 ya mwisho, kisha toka kulia kwenda kushoto: 2×1, 8×2, 4×3, 7×4. Jumla ni 58, inaishia na 8, basi namba ni sahihi.

Hapa ndipo Excel inapowaponza wengi. Ukilibofya faili tu likafunguka, asetonitrili, 75-05-8, inaweza kugeuka tarehe ya mwaka 1975, na hakuna onyo lolote. Ingiza faili kupitia menyu ya data, na safu ya CAS uiweke kuwa maandishi kabla ya kupakia.

Baada ya hapo kagua vizio. Methani huchemka kwenye Kelvini 111.67, sawa na nyuzi -161.48 za Selsiasi. Ukikuta -161.33, aliyebadilisha ametoa 273 badala ya 273.15. Tofauti ya 0.15 ikijirudia mstari baada ya mstari, hakuna aliyepima upya. Kwa kuwa gesi ya Mnazi Bay, huko kwenu Mtwara, karibu yote ni methani, mstari huo ukague kwa macho yako mwenyewe.

Kanieneo nayo hudanganya. Maji huchemka nyuzi 99.97 kwenye kilopaskali 101.325, ila 99.61 kwenye kilopaskali 100, kiwango ambacho IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, ilikipendekeza kuwa sanifu mwaka 1982. Matoleo yote mawili yanaweza kuwa sahihi.

Tofauti zitakazobaki ndizo za kushughulikia. Soma safu ya chanzo: mara nyingine namba ya zamani ilipimwa maabara, na mpya imekadiriwa kwa programu. Hapo mimi ningeshika iliyopimwa, hata kama toleo lake ni la zamani. Kwenye ripoti, andika namba ya toleo kando ya kila thamani uliyotumia.