Maswali ya Wasomaji: Ikulu ya Baturyn

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimeona picha ya jengo kubwa lenye nguzo ndefu katika mji mdogo wa Baturyn, nchini Ukraine. Maelezo yalisema kuwa ni la ukoo wa Rozumovsky, uliotoa mtawala wa Wakosaki, wale wapiganaji wa Ukraine. Ilikuwaje ikulu ya namna hiyo ikajengwa katika mji mdogo kiasi hicho?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, neno "ikulu" ndilo linalotupasa kulitazama kwanza. Ikulu ni makao ya mamlaka, na jengo uliloliona lilianza kujengwa mwaka 1799, miaka 35 baada ya mwenyewe, Kyrylo Rozumovsky, kuvuliwa madaraka. Tuliite kasri.

Hata hivyo, Baturyn, iliyo kando ya mto Seim katika mkoa wa Chernihiv, haikuwa ndogo siku zote. Tangu mwaka 1669 ilikuwa mji mkuu wa mahetmani, yaani wakuu wa Wakosaki, mpaka mwaka 1708, Hetmani Ivan Mazepa alipomwacha Mfalme Petro wa Kwanza wa Urusi na kujiunga na Karl wa Kumi na Mbili wa Uswidi. Majeshi ya Urusi yaliyoongozwa na Menshikov yaliuteka mji, yakauchoma na kuwaua askari pamoja na raia.

Ukoo wa Rozumovsky uliinuka kwa njia ambayo wengi wangeidhania ni hadithi ya kubuni. Oleksiy, mtoto wa Mkosaki wa kawaida wa kijiji cha Lemeshi, alichukuliwa kwenda kuimba katika kwaya ya kasri la Urusi kwa sababu ya sauti yake, na huko akawa kipenzi cha Elizabeth, ambaye baadaye alitawazwa kuwa malkia. Mdogo wake, Kyrylo, alipelekwa kusoma Ulaya. Mwaka 1746, akiwa na umri wa miaka 18 tu, akateuliwa kuwa rais wa Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg (umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tukihangaika na mitihani), na mwaka 1750 akawa hetmani. Yeye ndiye wa mwisho, kwani mwaka 1764 Malkia Katarina wa Pili alimlazimisha ajiuzulu, kisha akaufuta wadhifa wenyewe.

Uzeeni Kyrylo alirudi Baturyn, akamtumia Charles Cameron, msanifu Mskoti aliyekuwa amemjengea Katarina, kuchora kasri la ghorofa. Ukizitazama nguzo zake kwa karibu utaona vichwa vilivyojikunja pande zote mbili mithili ya pembe za kondoo dume. Huo ni mtindo wa Kigiriki uitwao Ioni. Kyrylo hakulifaidi, kwani alifariki mwaka 1803. Mwanawe Andriy alikuwa mwanadiplomasia huko Vienna, ambako alimwagiza Beethoven amtungie tungo tatu za fidla mbili, viola na selo, ambazo mpaka leo hupigwa kwa jina la ukoo huo. Kasri la baba yake lilichakaa bila wakazi na kuungua mwaka 1923, na ukarabati mkubwa ukaja kukamilika karne hii. Sasa ni sehemu ya makumbusho. Hetmani mwenyewe alizikwa mjini humo humo, katika Kanisa la Ufufuko.