Nimezaliwa Kigoma, kwetu ni wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Wazazi wangu ni wamisionari Wamarekani, ila nimezaliwa Kigoma. Kiswahili nilifundishwa na mama mmoja mwaloni Kibirizi, tukigeuza dagaa mchangani. Sasa nasoma Ohio. Huku naitwa Mwafrika, huko mzungu. Kwetu wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kisheria ni Marekani. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Lakini najua hukuniulizia pasipoti. Hapa Ujiji, baba wa jirani yangu alivuka ziwa kutoka Kongo. Ukitokea msiba, jirani huyo ndiye wa kwanza kufika na jamvi begani, na sisi humwita mwenzetu. Yule mama wa dagaa bado yupo? Mpigie simu Jumapili, umwamkie, umwambie umemkumbuka.