Baba ni neno la nani

Mwanangu, meseji yako nimeiona. Eti mwenzako wa kazini, yule Mturuki, kakwambia kwao nao baba ni baba, sasa unataka nikwambie nani kamuiga nani. Hakuna aliyemuiga mwenzake. Ungeniuliza kitabu au duka ningekujibu bila kufikiri, Kiarabu hicho. Lakini baba wanalo Wazulu, wanalo Washona, Wayoruba, na Wachina nao wanasema baba, na sidhani Mchina na Mzulu walikaa mahali wakagawana maneno. Halafu ukivuka kidogo mambo yanageuka, Bulgaria baba ni bibi, na Wajapani wakisema baba ni kizee wa kike, tena si kwa heshima. Wageorgia ndo kiboko, kwao baba anaitwa mama! Mimi mama yako ungeniita deda.

Mimi nimesema siku zote na nitasema tena, mtoto anafungua tu mdomo, wakubwa ndo wanagawana maana. Yupo mtaalamu wa lugha, Roman Jakobson, mzaliwa wa Moscow, mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa na orodha ya maneno ya mama na baba zaidi ya 1,000 iliyokusanywa na Mmarekani Murdock, na ikaonekana maneno ya mama zaidi ya nusu yana sauti za puani, m na n, ya baba ni machache. Sasa b na p kazi yake ni midomo kufunga na kuachia basi, hata asiye na jino anaweza. M, yeye anasema, inatokana na kunyonya, mdomo umejaa ziwa kwa hiyo sauti inapitia puani, mmm, ndo maana mama linamwangukia anayenyonyesha.

Hapo ndo panaponiuma mimi. Maana kama ni hivyo, wewe ulikuwa unanyonya kwa nani? Na neno la kwanza likawa baba! Mwenyewe hata hayupo, kasafiri, niko nakubadilisha nepi, unanitazama usoni kabisa, ukasema ba-ba, ukarudia, baba. Shangazi yako akapiga ukelele, simu akaichukua hapo hapo ampigie kaka yake, mimi nepi mkononi. Na huyo mzee wako mpaka leo tukikutana wote lazima alisimulie, anaigiza na sauti yako, kama vile alikuwepo, mnamjua wenyewe.

Nikikaa najiambia basi, labda kweli alikuwa anamtafuta baba yake. Halafu nasema hapana, katoto kale kamtafute mtu kwa lipi, kalikuwa hata mguu wake mwenyewe kanaushangaa. Na kutwa nzima mimi nilikuwa nakuitaje? Njoo baba, pole baba, lala basi baba, kama mama yeyote na mwanawe wa kiume, so inawezekana ulikuwa unanirudishia nilichokupa. Shangazi yako nilipomwambia hivyo akasema kama ndo hivyo mtoto alikuwa anajiita mwenyewe, wewe humo kabisa. Yule naye! Au labda ulikuwa unasema Kibulgaria, maana kwa kukosa usingizi kule hata mimi kwenye kioo nilikuwa namwona bibi.

Uliyemuita siku ile ni nani, mimi sisemi, hukuniuliza na wala sitaki ugomvi na mtu. Nilivyokuwa nimekuinamia pale na ulivyokuwa umenikazia macho ningeweza kusema, lakini sisemi.

Na huyo mjukuu wangu unayesema kaanza kubwabwaja, usikimbilie kumrekodi umtumie babu yake. Mwache mkeo asikilize kwanza. Mzee akianza tena hadithi yake mjulishe kwamba kwa Kigeorgia yeye ndo mama, usiku mtoto akilia aamke yeye.