Maswali ya Wasomaji: Onyesho la filamu lisilomtisha mtu

SWALI: Tunaandaa onyesho la filamu kwa ajili ya watu wenye usonji (autism, hali ya ubongo ambayo huweza kumfanya mtu asumbuliwe na kelele na mwanga) na waliobadili jinsia pia. Kupunguza sauti kunatosha?

JIBU: Hakutoshi. Acheni taa zikiwaka kwa mwanga hafifu. Katika giza totoro mtu haoni mlango wa kutokea. Sauti ikishushwa mno mazungumzo hupotea, kwa hiyo wekeni maandishi chini ya picha. Matangazo ya mwanzoni yaondoeni, maana sauti yake hupaa ghafla. Msijaze viti vyote, na chumba cha utulivu kiwe karibu. Orodha ya mimweko (mwanga wa ghafla) na kelele zilizomo katika filamu itolewe siku kadhaa kabla, si mlangoni.

Tiketi isidai jinsia wala jina la kitambulisho, namba ya tiketi yatosha. Choo kimoja chenye komeo la ndani kiwe cha wote, bila kujali jinsia.